Betri ya Mzee Leonidas

Tangu Leonidas arudishwe nyumbani kutoka hospitali ya Nyakahanga, watu walikuwa wakimsalimia kupitia kwa mkewe. Waliingia uani, wakavua kofia, wakasimama mbele ya kiti chake kabisa, halafu wakamgeukia Laurensia na kumuuliza, "Mzee ameamkaje leo?" Naye Laurensia, sufuria mkononi, alijibu, "Ameamka vizuri. Uji amemaliza." Leonidas yuko palepale, anawatazama.

Kiharusi kilikuwa kimemchukulia ulimi na upande wote wa kulia. Kilimwachia mkono wa kushoto, macho na masikio. Mwanzoni Laurensia alimjibia kwa sababu lazima mtu ajibu. Baadaye akazoea. Ikafika mahali akawa anajua mzee anataka nini kabla hajamtazama usoni: ana njaa, ana baridi, amechoka, anataka kugeuzwa. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, hakuna aliyejua ila Leonidas, na Leonidas hakuwa na namna ya kusema.

Kitu kimoja tu ndicho hakikuhitaji mkalimani: redio yake.

Haikuwa redio ya kubeba begani kwenda nayo kilabuni. Lilikuwa dubwana la chuma la rangi ya kijani, lenye vitasa vingi, lililotolewa kwenye gari la mafundi wa barabara kambi yao ilipovunjwa. Leonidas alikuwa amewafanyia kazi miaka mingi, na fundi mkuu wao, alipokuwa anafungasha kurudi kwao, alimwambia lichukue, mimi nalipeleka wapi. Leonidas mwenyewe akalitengenezea betri. Alipanga chupa za kioo kumi na mbili, zenye risasi na tindikali ndani, katika sanduku la mbao, akaziunga moja baada ya nyingine, akatoa waya mbili nene ubavuni mwa sanduku. Kwa betri hiyo alikuwa akikaa jioni, baada ya kazi za kahawa na migomba, akizungusha kitasa taratibu kama mtu anayetafuta jipu kwenye mgongo wa ng'ombe, mpaka itokee sauti. Leo Bujumbura, kesho Kampala, siku nyingine watu wanasema lugha ambayo hakuna mtu katika kijiji chao chote cha Chonyonyo angeweza kuitaja. Hakuwa anasikiliza habari. Alikuwa anawinda tu. Akishaipata stesheni anatabasamu, anaiacha, anaondoka kutafuta nyingine.

"Kaka yangu ni mchawi wa hewani," dada yake Kantengwa alikuwa akisema. "Anawapigia hodi Wazungu, wakifungua mlango anakimbia."

Hata baada ya kiharusi, mkono wa kushoto uliweza kukizungusha kile kitasa. Laurensia alimsogezea redio karibu na kiti, na jioni zile alikuwa anamwona mumewe akiwa ni mumewe. Halafu siku moja ile sauti ikaanza kufifia. Ikawa kama mtu anayeongea akiwa shimoni. Ikakata.

Zamani ikikata, Leonidas alikuwa akiifunga betri kwenye baiskeli anaipeleka karakana ya kambi, kwenye ile chaja yao ya kuchajia malori. Kambi sasa ilikuwa imebaki majani. Mtoto wao, Celestin, aliyekuwa akifanya kazi Bukoba, aliposikia alileta redio ndogo ya kutumia mawe ya betri, mpya, ya kung'aa, akaiweka mapajani mwa baba yake. Leonidas aliitazama, akageuza uso ukutani. Na siku zilizofuata akaanza kugeuza uso ukutani hata uji ukija.

Hapo ndipo Laurensia alipoogopa. Alikuwa ameona wazee wakiondoka hivyo, bila ugonjwa mwingine, wanaanza kwa kugeuza uso. Akajisemea moyoni, betri hii nitaipeleka mimi. Ikipona, naye atageuka. Isipopona, sijui.

Katika mji wa Kayanga palikuwa na Saleh, mwenye duka la vipuri na jenereta. Babu yake alitoka pwani na msafara wa biashara akaoa hukuhuku, lakini Saleh bado alikuwa akisema "lahaula" na "bibi" kama aliyeshuka jana kutoka Tanga. Nyuma ya duka alikuwa na chaja yenye kioo na mshale mdogo ndani yake, na watu wa vijiji vyote walikuwa wakimpelekea betri zao za magari na za redio. Mshale ukisimama, betri inakula. Mshale ukilala, betri imeshiba, au imekufa.

Laurensia aliliandaa sanduku kwa namna anayoijua. Alichukua majani ya mgomba, akayapitisha kwenye moto kidogo yalainike, akafunika juu ya chupa zote, akafunga kwa kamba za mgomba pande zote, vilevile kama anavyofunika mtumbwi wa rubisi, pombe ya ndizi, inapochachuka. Hakuna vumbi litakaloingia, hakuna tone litakalotoka. Waya mbili tu ndizo zilizobaki nje. Melkiory, jirani yao mwenye baiskeli, akalifunga kwenye keria nyuma ya baiskeli, wakaondoka asubuhi, yeye anasukuma, Laurensia anashikilia kwa nyuma.

"Shikamoo bibi," Saleh alisema. "Umeniletea pombe? Mimi ni Mwislamu, bibi, utaniponza."

"Marahaba mwanangu. Ni betri ya mzee."

Saleh akalizunguka sanduku. Akanyoosha mkono kwenye kamba.

"Usifungue," Laurensia akasema haraka. "Mzee hapendi mtu afungue."

Saleh akaurudisha mkono. Alikuwa amekaa Karagwe maisha yake yote. Alijua kwamba jani alilofunika mtu mwingine juu ya mtumbwi wake halifunuliwi hivihivi, hata kama wewe pombe hunywi. Akauliza tu, "Ni ya volti ngapi?"

Laurensia hakujua volti ni kitu cha kuhesabika. "Ni ya redio," akasema.

"Basi ni kumi na mbili kama zote," alisema Saleh, na akabana waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, akawasha jenereta.

Mshale ukalala. Saleh akakigonga kioo kwa ukucha. Akasugua zile waya kwa msasa, akabana tena. Ukalala vilevile. Akamwambia Laurensia aiache, pengine imepoa sana na itaamka taratibu. Laurensia akalala kwa mkwewe wa kijiji cha Kihanga, na kesho yake mchana akarudi dukani na Melkiory. Saleh alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya sanduku, ameshika tama.

"Bibi, sitaki kukudanganya. Nimeisomesha usiku na mchana, haijui hata alifu. Imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Risasi ikikaa muda mrefu bila moto inaganda. Pole, bibi. Sichukui kitu. Mpe mzee salamu zangu."

Melkiory akalifunga tena sanduku kwenye baiskeli, wakarudi nyumbani. Kantengwa alikuwa anawasubiri kwenye njia ya migomba.

"Haya, wifi, imefufuka?"

"Imekufa."

"Maskini kaka yangu. Basi zile chupa zimwage, tuweke samli. Chupa nene zile!"

"Samli ya tindikali ukampikie mumeo," alisema Laurensia, na ingawa alikuwa karibu kulia wakacheka wote wawili.

Melkiory akaliingiza sanduku ndani, akaliweka mbele ya kiti. Leonidas akageuka kutoka ukutani. Laurensia akachuchumaa, akamshika goti.

"Baba Celestin, nimejaribu. Saleh ameiweka kwenye chaja yake tangu jana. Amesema imekufa."

Leonidas akamtazama. Akalitazama sanduku. Halafu akaanza kuvuta blanketi lililokuwa miguuni mwake. Alilivuta kwa mkono ule mmoja, akahema, akalitupia juu ya sanduku. Likaangukia upande mmoja.

"Unaona baridi?" Laurensia akaliokota, akamfunika tena.

Akalivuta tena. Akalitupa tena. Safari hii akalisogeza kwa kidole mpaka likafunika nusu ya sanduku, nusu nyingine ikabaki wazi.

"Anaifunika kama maiti," alinong'ona Kantengwa kutoka mlangoni. "Ameshajua imekufa. Maawe! Mwache aizike."

Laurensia akaona Kantengwa amesema sawa. Akalivuta blanketi vizuri ili lifunike sanduku lote, kwa heshima. Hapo Leonidas akatoa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu augue, ya koo, ya hasira, akalipiga blanketi kofi. Akalivuta tena mpaka katikati. Akasimamisha kiganja chake kama upanga, akakiweka palepale katikati ya sanduku, kwenye mpaka wa blanketi. Akamkazia macho mkewe.

Mwanamke mwingine angechoka. Laurensia alikuwa amelea watoto wengi kabla hawajajua kusema, na alijua kwamba mtu asiyeweza kusema akirudia jambo mara tatu, mjinga ni yule anayetazama. Akaketi sakafuni. Akajilazimisha kunyamaza. Ilikuwa kazi ngumu, kwa maana kila jibu lilikuwa tayari limeshamjia mdomoni: ana baridi, ana huzuni, anataka kulala. Akayameza yote.

"Sijui unachosema," akamwambia. "Niambie tena."

Uso wa Leonidas ukalegea kidogo. Akaweka kiganja katikati. Akakipeleka upande wa wazi, akakipigapiga. Akasubiri. Halafu akalivuta blanketi kwenda upande ule wa pili, akapigapiga upande uliokuwa umefunikwa.

"Nusu," alisema Laurensia. "Kwanza nusu hii. Halafu nusu ile."

Leonidas akafumba macho na kuyafumbua, polepole, kama mtu anayetua mzigo.

Kesho yake Laurensia alikwenda Kayanga peke yake kwa miguu, bila sanduku. Alimkuta Saleh anauza taa ya baiskeli.

"Mzee anasema nusu."

"Nusu ya nini, bibi?"

"Ya betri. Nusu kwanza, nusu baadaye."

Saleh akacheka, lakini kwa upole. "Bibi yangu, betri haina nusu. Ni kama kusema nilishe nusu ya kuku."

"Mimi sijui. Mwenye kujua ni yeye. Njoo umuulize."

"Si mnasema hasemi?"

"Hasemi," akajibu Laurensia. "Lakini anasema."

Saleh alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake, na ile betri iliyomlalia mshale ilikuwa inamkera rohoni. Baada ya swala ya mchana akapakia jenereta na chaja kwenye pikapu yake na dumu la maji ya betri, akampandisha Laurensia mbele, wakaenda Chonyonyo kwa vumbi jekundu.

Aliingia ndani, akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja mbele ya kiti. "Shikamoo mzee," alimwambia Leonidas. Si Laurensia, Leonidas. Akanyoosha mkono wake wa kushoto ili ukutane na ule mzima. Leonidas akaupokea, akautikisa.

"Mzee, mimi ndiye niliyesema betri yako imekufa. Nimeambiwa umekataa. Naweza kufungua?"

Leonidas akatikisa kichwa kukubali, kwa haraka kiasi kwamba Laurensia aliona haya. Nani alikuwa amemwambia kwamba mzee hapendi? Hakuna. Alikuwa amelitunga mwenyewe pale dukani, kwa kuzoea.

Saleh akakata kamba, akafunua majani. Akazitazama zile chupa. Akaanza kuhesabu kwa kidole, midomo ikicheza, akafika mwisho, akarudia.

"Lahaula! Kumi na mbili! Bibi, hii si betri moja, ni mbili zimefungwa ndoa! Betri ya gari ina vyumba sita. Hii ni volti ishirini na nne, ya lori! Chaja yangu ni ya vyumba sita, ingeisukumaje hii? Ni kama mimi kumsukuma fahali mlimani."

"Kwa hiyo haijafa?"

"Sijui kama haijafa. Najua mimi sikuilisha chochote." Akapiga magoti. Katikati, kati ya chupa ya sita na ya saba, palikuwa na bamba dogo la risasi lililofungwa kwa nati. Akamwangalia Leonidas. "Hapa?"

Kiganja cha Leonidas kikasimama kama upanga.

Saleh akafungua nati, akaondoa bamba, na sanduku likawa na betri mbili za vyumba sita sita. Akatikisa kichwa. "Mzee, umenifundisha adabu. Haya, maji yamepungua. Tuongeze kwanza."

Leonidas akaonyesha nje kwa kidole. Laurensia akajua hilo: siku zote mzee alikuwa akitumia maji ya mvua. Akaleta mtungi.

"Umeyakinga wapi haya, bibi?"

"Kwenye bati."

"Hapana. Bati lina kutu, maji yake yataichafua risasi. Nimekuja na maji yangu."

Leonidas akaunyooshea kidole mtungi. Saleh akatikisa kichwa. Leonidas akaunyooshea tena, kwa nguvu.

"Mzee, sikubali! Zamani ulikinga wapi? Uani kwenye beseni, juu wazi?"

Leonidas akasita. Akafumba macho na kuyafumbua.

"Sasa haya ni ya bati. Si yale. Hapo umeshindwa, mzee wangu, kubali tu."

Laurensia alikuwa amefungua mdomo aseme, mwache mwanangu, usimkasirishe, ni mgonjwa. Lakini alimwona mumewe. Mashavu yake yalikuwa yamepata rangi. Alikuwa amekunja uso kama siku zile za kugombea mpaka wa shamba. Tangu augue hakuna mtu aliyembishia. Walikuwa wanamkubalia kila kitu, kama mtoto, kama marehemu. Laurensia akaufunga mdomo wake.

Leonidas akakubali kushindwa. Akapunga mkono: weka ya kwako.

Jenereta likawashwa uani, kuku wakatawanyika, Kantengwa akaja mbio kuona. Saleh akabana waya kwenye nusu ya kwanza. Mshale ukatetemeka, ukanyanyuka, ukasimama.

"Inakula!" alipiga kelele Kantengwa. "Wifi, inakula!"

Saleh akazungusha swichi ya chaja mpaka mshale ukapanda juu zaidi. Palepale Leonidas akalipiga sanduku kofi na kuushusha mkono wake chini, taratibu, kama mtu anayetuliza mbwa.

"Nipunguze? Mzee, nikipunguza itakaa mpaka kesho. Petroli yangu!"

Mkono ukashuka tena.

"Nikiiongeza itakuwa imeshiba kabla ya magharibi."

Leonidas akaelekeza kidole kwenye chupa. Ndani yake mapovu yalikuwa yameanza kupanda kwa fujo, na Saleh alipoigusa ile chupa kwa kiganja akakiondoa haraka.

"Ina joto," alikiri. "Lakini betri za magari huwa nazipeleka hivihivi."

Leonidas akamtazama tu.

"Sawa, si ya gari. Ni chupa za kioo, zimelala muda mrefu. Sawa." Akairudisha swichi nyuma. Mshale ukashuka hadi chini kidogo ya nusu. "Hivyo?"

Mkono ukaashiria chini kidogo zaidi.

"Mzee huyu ni mgumu!" Saleh akamwambia Laurensia. "Umeishi naye vipi miaka yote hii?"

"Muulize yeye ameishi nami vipi," akajibu Laurensia, na Leonidas akatoa sauti kooni ambayo wote watatu waliitambua kuwa ni kicheko.

Saleh akawaachia chaja na jenereta, akarudi mjini. Nusu ya kwanza ilikula mpaka kesho yake, na nusu ya pili ikaifuata. Leonidas hakuruhusu mtu mwingine akae karibu na mshale. Alikaa yeye, akapokea uji wake palepale bila kugeuka popote. Chupa moja ya mwisho ilikuwa haitoi mapovu kama wenzake. Saleh aliporudi aliitazama akasema hiyo ni dhaifu, itamsumbua mbele ya safari. Leonidas akakubali. Hawakubishana juu ya hilo.

Wakarudisha lile bamba dogo kati ya chupa ya sita na ya saba. Saleh akaunga waya kwenye redio, akarudi nyuma. Leonidas akanyoosha mkono wa kushoto, akabonyeza, akasubiri ipate moto. Kukaanza kusikika mvumo, halafu mikwaruzo, halafu kwa mbali kabisa mwanamke anaimba. Kwa lugha gani, hakuna aliyejua. Saleh akacheka peke yake, akachukua viatu vyake, akaaga wote wawili, kila mmoja kwa jina lake.

Mwanamke yule aliendelea kuimba. Sauti ilikuwa tamu, nyembamba, na Laurensia aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni akaacha kisu kikining'inia mkononi asikilize.

Leonidas akazungusha kitasa. Mikwaruzo.

"Rudi, Baba Celestin. Ule wimbo nautaka."

Leonidas akaendelea mbele.

"Nimekuambia rudi! Nimetembea mpaka Kayanga kwa miguu yangu kwa ajili ya redio hii, hata wimbo mmoja huniachii?"

Akatikisa kichwa, hapana. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye sauti nyingine, mwanamume anayesoma kitu kwa haraka, na macho yake yalikuwa yameng'aa. Alikuwa anamgomea waziwazi, bila aibu, kama alivyomgomea miaka yote.

"Mbinafsi wewe," alisema Laurensia. "Tangu unioe wewe ni mbinafsi. Utakula ndizi mbichi leo."

Akachukua beseni lake la ndizi akaenda jikoni, analalamika njia nzima, kwa sauti kubwa, ili amsikie vizuri.